Madam Aliyetufundisha Kujisifu

Madam hakunywa chai. Naanza na hilo kwa sababu kwetu ni jambo la kushangaza kuliko mtu mzima kukosa simu. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Silibwet, na ukichungulia dirishani uliona chai hadi macho yachoke: chai ya jirani, chai ya kanisa, chai ya kina Kiprono wa darasa letu. Yeye alikaa katikati ya kijani hicho miaka yote akinywa maji ya moto yenye ndimu. Mama zetu walichanganyikiwa. Mgeni asiyekunywa chai utamkaribisha na nini? Mama yangu alimpa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na urafiki wao ulianza hapo, kwa sababu Madam aliimaliza akaomba tena.

"Chai yenu nzuri," alikuwa akisema, "lakini nikiinywa moyo unapiga kama wa mtu ameitwa intavyu. Na hizo intavyu nimewaachia nyinyi."

Kwenye ratiba alikuwa mwalimu wa Biashara. Lakini ukiuliza yeyote aliyepita pale, atakuambia habari za Jumamosi. Jumamosi asubuhi alikusanya wanafunzi wa Kidato cha Nne na kuwafundisha yale ambayo hayamo kwenye mtihani: namna ya kuchagua chuo, namna ya kuketi mbele ya watu wasiokujua na kujieleza, namna ya kupokea simu ya mwajiri, na ufanye nini siku ya kwanza kazini wakati hakuna anayekuonyesha pa kukaa. Hakuna aliyemtuma. Alisema hawezi kulala akijua anatuachia getini na cheti mkononi tu.

Namwandika sasa kwa sababu mwezi uliopita ilifika zamu yake ya kuketi kwenye kiti cha intavyu. Amestaafu, na chuo cha ufundi ninakofanya kazi kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwaandaa vijana wetu kwa ajira. Madam akaomba. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Aliniambia mwenyewe kwamba nyumba yake imenyamaza mpaka amefikia kuwauliza kuku maswali ya intavyu. Nitafika huko. Kwanza nimweleze, maana bila kumjua hutaelewa kwa nini siku ile mimi nilitetemeka kuliko yeye.

Yeye ni mtu wa upande wa ziwa. Kwao, alituambia, kwenye sherehe mtu anaweza kusimamisha muziki ili ajisifu: mimi ni fulani, niliyesomesha ndugu zangu, ninayevaa shati lisilojua mkunjo! Watu wanapiga makofi, ngoma inaendelea. Sisi Wakipsigis tulimsikiliza kama anatusimulia habari za watu wanaotembea kwa mikono. Kwetu mtu akikuuliza kama unaijua kazi, unasema "najaribu tu." Ukiwa wa kwanza darasani unasema "ilitokea." Macho unayatupa chini, sauti unaibana, na mtu mzima akikukazia macho unajikuna shingo. Kujisifu tuliwaachia walevi.

Sasa mchukue mtoto wa namna hiyo, umweke mbele ya watu wa chuo, wamuulize kwa nini wamchukue yeye na si mwingine. Atawasaidia kumkataa.

Kwenye mazoezi ya Jumamosi, Kiprono ndiye aliyeanza. Alikuwa mvulana mwenye mabega mapana na sauti ya panya. Madam alimwita mbele, akamkalisha, akamwambia ajieleze.

"Naitwa Kiprono."

"Endelea."

"Ni hayo tu, Madam."

Madam aligongagonga meza kwa chaki, akamtazama. "Kwenu kuna ng'ombe?"

Kiprono akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Iko, Madam. Iko moja inaitwa Cheptui. Hiyo ng'ombe haina mchezo. Kunyeshe, kukauke, maziwa ni ile ile. Haipigi teke, hata mtoto anaweza kamua. Ikisikia mathe amefungua mlango inakuja yenyewe, haingoji kuitwa. Na ukiiweka na ng'ombe ya wenyewe haipigani."

Alisema yote hayo akimtazama usoni, mikono ikipima hewani ukubwa wa kiwele. Madam alingoja amalize. "Vizuri sana," akasema. "Sasa toa Cheptui hapo, weka Kiprono."

Kiprono akanyoosha mgongo. "Mimi ni Kiprono. Kunyeshe, kukauke, nafika kwa kazi. Singoji kuitwa. Ukiniweka na watu wageni sipigani." Akafikiri kidogo. "Na sipigi teke."

Tulicheka mpaka bawabu akaja kuangalia kuna nini. Madam mwenyewe alicheka hadi machozi, akijifuta kwa kitambaa cha ubao na kujipaka chaki uso mzima. Lakini hatukuwa tumewahi kumsikia Kiprono akisema maneno mengi hivyo, na yote yalikuwa ya kweli. Alisomea umakanika, sasa yuko kwenye kiwanda cha chai anakopendwa na kila mtu. Toka siku hiyo kila mwanafunzi alianza na ng'ombe wao. Waliotoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, ambao hawakuwa na ng'ombe, waliruhusiwa kusifu jogoo.

Kosa langu mimi lilikuwa la aina nyingine. Madam alipanga intavyu ya majaribio, akamwalika Mwalimu Mkuu, chifu na pasta wakae nyuma ya meza kama wakubwa wa chuo. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe. Niliingia, nikaona wazee wamekaa mbele ya vikombe vitupu. Sikuona kitu kingine. Kwetu msichana haketi wazee wakiwa hawana chai. Hata nyumba ikiungua unamimina kwanza, halafu ndipo unawaambia habari za moto. Nikamimina. Nikauliza kila mmoja sukari kiasi gani. Kisha nikasimama kando ya ukuta na chupa yangu, nikingoja wa kuongezewa.

Chifu alifurahi sana. "Huyu ni msichana ya adabu. Ako wa nani?" Mwalimu Mkuu akasogeza kikombe aongezewe. Pasta akaanza kuniombea mume mwema. Intavyu ilikuwa imekwisha bila mtu kuuliza swali.

"Chebet," Madam akaniita kutoka nyuma ya darasa. "Ulikuja kuomba nafasi gani?"

"Ya kusomea kompyuta, Madam."

"Na hawa wazee watakukumbuka kwa kompyuta ama kwa sukari?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alinifuata baadaye nje, akanishika bega. Hakuniambia niache desturi ya kwetu. "Ingia, salimu, keti, jibu," alisema. "Ukimaliza kujibu, kama roho bado inakuuma, mimina."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Jumatatu baba yangu alivaa koti lake la kanisani akaja shuleni. Madam alikuwa amenituma chaki, na niliporudi nikasikia sauti ya baba ndani ya ofisi, nikasimama nje na boksi la chaki kifuani.

"Madam, sisi hatujakataa masomo," baba alikuwa akisema. "Lakini wewe unafundisha watoto yetu kujigamba. Msichana ya kujigamba ataolewa na nani?"

"Karibu, Mzee. Keti kwanza. Sitabishana na wewe, nataka tu unisaidie. Mimi namjua Chebet wa darasani. Wa nyumbani simjui. Ni mtoto wa namna gani?"

Nilijua baba ameutazama ukuta, kwa sababu ndivyo anavyofanya.

"Huyo?" akasema. "Huyo ni mtu ya maana. Mama yake alipolazwa, huyo aliamka akachuma chai, akapeleka kituo ya kupimia chai, akapikia wadogo, na shule hakukosa. Redio iliharibika, akaifungua na kisu ya mboga, ikaimba. Hata mimi nikiwa na jambo nzito naongea karibu yake, nione uso wake utasema nini."

"Umewahi kumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Haya."

"Ah, Madam. Mtoto anaambiwa hayo ya nini? Ataharibika."

Niliegemea ukuta nikalia. Nililia kwa furaha, na sioni haya kuisema. Nilikuwa nimeishi na mzee huyo maisha yangu yote nikidhani mimi ni mtoto wa kutumwa kuni. Baba alipotoka akanikuta pale, machozi na chaki vimechanganyika. Akatazama mawingu. "Mvua inakuja," akasema. "Leo utoke mapema." Akaenda zake. Mpaka leo sijui kama Madam alinituma chaki makusudi. Nimemuuliza mara nyingi, anajibu kwamba chaki zilikuwa zimekwisha.

Nilipoitwa na chuo, sikubuni chochote. Niliwaambia yale aliyoyasema baba, pamoja na kisu cha mboga. Wakanichukua.

Madam alikuwa na sheria za simu zilizotutesa. Sisi tulikuwa tukipokea simu kwa kufoka: "Nani?" Yeye alisimama upande mmoja wa darasa, mwanafunzi upande mwingine, kila mmoja na simu isiyo na chaji, wakapigiana. Ukisema "nani" unaanza upya. Ukisema "eeh" unaanza upya. Ukimwambia mwajiri "nibip nitakupigia," unatoka nje ukatafakari. Shida ni kwamba kijijini kwetu mtandao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, karibu na josho la ng'ombe, na waliongoja simu za vyuo walishinda pale wakiwa wamevaa vizuri katikati ya mifugo. Mtu akipigiwa, wachungaji wote walinyamaza, wakanyamazisha na mbwa. Akikata simu wanamuuliza: "Wamesema aje?" Akijibu wamekubali, josho zima linashangilia. Madam aliposikia hivyo alikwenda akawashukuru wachungaji mmoja mmoja, akawaita wafanyakazi wenzake.

Kulikuwa pia na kabati la viatu. Wote waliopata kazi walimrudishia jozi moja nyeusi, safi, kwa ajili ya wanaofuata. Vilikuwa vya kila saizi isipokuwa yako. Tulijaza magazeti mbele, tukaenda. Kwa matope yetu hakuna anayefika lami na viatu safi, kwa hiyo tulitembea na gambuti hadi barabarani, tukabadilisha, gambuti zikafichwa kwenye ua wa mtu. Mama mmoja karibu na stendi alizoea kuzikuta kwenye majani yake, akawa anazipanga mstari.

Asidhani mtu kwamba namchora malaika. Alihubiri kutunza wakati na kila Jumamosi alichelewa, akifika anahema na kutuambia, "Msinitazame mimi, tazameni saa." Alitufundisha utulivu na yeye mwenyewe alikuwa na hasira za karibu. Kijana mmoja wa miaka ya juzijuzi, hawa wa simu mkononi, alikuja na maelezo aliyoyatoa mtandaoni, kwamba yeye ni mchangamfu, anayejituma, mwenye maono. Madam akamkodolea macho.

"Kwenu nani anakuita mwenye maono?"

"Hakuna, Madam."

"Wanakuita nani?"

"Wananiita Masaa. Ju huwa nachelewa."

Alitaka kumkemea, akakumbuka saa yake mwenyewe, akakohoa. "Keti," akasema. "Hilo tutalitafutia njia."

Kioja chake kikubwa alitueleza mwenyewe akicheka: hajawahi kufanya intavyu hata moja. Alimaliza chuo cha ualimu, akapangiwa shule, akapanda kilima. Yote aliyotufundisha aliyapata kwa kuwauliza waliotoka huko, hasa waliokataliwa. Mtu akirudi na uso umeanguka, alimpa kiti cha mbele na kumfanya mwalimu wa siku hiyo.

Basi siku ile ya mwezi uliopita. Nilikuwa nimemwambia mwenyekiti wa jopo letu la intavyu mapema kwamba mmoja wa wanaokuja alinifunza. Mwenyekiti ni mzee mkali, alikuwa meneja wa kiwanda kabla ya kustaafu. Akaamua nikae mezani nikaribishe watu, nisitoe alama wala kusema lolote. Ilikuwa haki, nami niliona uchungu. Mtu aliyenifungua mdomo alikuwa anakuja, na siku hiyo ndiyo niliyotakiwa kuufunga.

Nilipofika asubuhi waombaji walikuwa kwenye benchi varandani. Madam alikaa mwishoni na mkoba wake magotini. Katikati alikuwepo kijana wa Chepseon anayeitwa Kibet, mwenye stashahada nzuri ndani ya bahasha na macho yasiyotoka getini. Nilimwonea huruma. Nilidhani atakimbia.

Wakaanza kuingia, na ajabu ikawa ni kwamba wote walikuwa wazuri. Waliingia, wakasalimu, wakaketi, wakatutazama. Mwenyekiti alininong'oneza kwamba vijana wa siku hizi wanasingiziwa bure. Kisha akaingia Kibet, na sikuamini kwamba ni yule yule. Alieleza jinsi alivyowafundisha wenzake wa kijijini kuandika maombi ya kazi kwenye duka la mjomba wake, alivyokosea mwanzoni, alivyojirekebisha. Hakujificha na hakuongeza chumvi. Niliona wajumbe wakitazamana kwa njia inayosema tumempata. Na mimi moyo wangu ukazama, kwa sababu Madam alikuwa bado nje.

"Kijana," mwenyekiti akasema, akifunga kalamu yake, "umejiandaa. Nani alikufundisha kujibu hivi?"

Angeweza kutaja chuo chake. Angeweza kusema ni Mungu, watu wengi husema hivyo.

"Mzee, sitadanganya," Kibet akajibu. "Asubuhi nilikuwa nataka kurudi nyumbani. Ni huyo mama ako hapo kwa benchi amenikalisha chini, akanifanyisha mazoezi. Hata hao wengine wameingia mbele yangu, ni yeye. Alikuwa anatupeleka nyuma ya choo mmoja mmoja tukipiga mazoezi."

"Mama gani?"

"Huyo wa mwisho. Na yeye anatafuta hii kazi."

Mwenyekiti alimshukuru, akamtoa, kisha akaniambia nimwite Madam. Alipoingia, mzee yule mkali alisimama.

"Mama, tumesikia ulichofanya hapo nje. Nafikiri sisi hatuna haja ya kukuuliza maswali."

"Hapana, Mzee," Madam akasema. "Niulizeni. Nimewaandaa watoto wa watu miaka yote na sijawahi kuketi hapa. Niulizeni kama wengine."

Akaketi. Mwenyekiti akakaa, akakunja uso kwa heshima yake, akauliza: "Kwa nini tukuchukue wewe?"

Madam akafungua mdomo, pakatoka hewa. Akatazama chini. Yule aliyetoka kwenye watu wa kusimamisha ngoma alitazama chini kama msichana wa kwetu. Ilibaki kidogo nipige kelele. Nilikuwa na maneno ya siku nzima ya kumsemea, niliyabana kwa meno. Kisha akainua uso.

"Kwa sababu kazi hii naijua," akasema, "na naipenda, na hamtapata mwingine anayeipenda hivi hapa karibu wala mbali. Nimemaliza."

"Umejisifu, Mama," mwenyekiti akasema, na tabasamu likamtoroka.

"Nimejisifu, Mzee. Na ni kweli."

Nilitumwa nje kabla ya chakula cha mchana kutangaza kwamba kazi ni yake. Kwa kawaida wanawake hupigiwa vigelegele na wenzao. Madam alijipigia mwenyewe, kwa nguvu, mpaka wanafunzi wa useremala wakatoka na misumeno yao kuangalia harusi iko wapi. Alinikumbatia, akanizungusha, akaniita nyathina, mtoto wangu kwa lugha ya kwao, kama zamani. Sijui lini nimefurahi hivyo.

Kibet alikuwa amesimama kando na bahasha yake. Akaja akampa mkono, mkono wa kushoto umeshika kiwiko kama mtoto aliyelelewa. "Hongera, Mama. Kongoi, asante sana."

Madam hakuuachia mkono. "Kibet, unajua ulikosea wapi?"

"Wapi, Mama?"

"Kazi ulikuwa umeshaipata. Kisha wakakuuliza nani alikufundisha, ukanitaja mimi."

Kibet akatazama viatu vyake. Madam akamwinua kidevu kwa kidole kimoja mpaka macho yao yakakutana.

"Siku nyingine wakikuita mahali," akamwambia, "kosea hapo hapo."